Nimebeba

Mimi ni mwoga, wanangu, na nawaambia mapema ili msije mkashangaa mbele ya safari. Nimefundisha Kemia tangu nikiwa msichana hadi nikawa bibi wa magoti yanayolia, na sikumbuki asubuhi hata moja niliyofungua mlango wa maabara bila hofu. Wenzangu walinicheka. Walisema Zaina anaogopa chupa kama wengine wanavyoogopa nyoka. Nami niliwajibu kwamba nyoka akikusikia hukimbia, lakini chupa haikimbii, inakungoja pale pale ulipoiacha.

Ninyi mnaoingia maabara leo mmekuta makoti meupe, miwani ya kinga na mabango ukutani. Hamjui hofu hiyo ilikuwa ikikaa wapi kabla ya mabango. Ilikuwa inakaa tumboni mwa mwalimu. Mkufunzi wangu wa chuo hakuwa na nyusi. Kila mwaka alitoa hadithi mpya ya jinsi zilivyoungua, na sijui hadi leo ipi ilikuwa ya kweli. Lakini alinipa neno moja ambalo nimelitumia kuliko vitabu vyote: "Zaina, ogopa, ila ogopa na mikono iliyotulia." Mwoga anayetetemeka ni hatari kuliko jasiri mjinga, alisema, maana jasiri mjinga angalau hamwagi.

Kwetu ni Korogwe. Nilipangiwa shule ya sekondari ya wananchi huku Mbinga miaka ile ambayo ushirika ulikuwa umeanza kulegea na wanunuzi binafsi wa kahawa wakawa wanapanda milima na magari yao. Shule wazazi waliijenga wenyewe, tofali wakachoma wenyewe. Maabara ilikuwa chumba kirefu mwishoni mwa madarasa, na siku isiyo na ukungu uliweza kuliona Ziwa Nyasa kule chini, kama kitambaa kilichoanikwa. Watoto waliotoka Lituhi na Kihagara waligombania kukaa dirishani. Mimi sikuliangalia ziwa. Nilipoingia mara ya kwanza niliangalia milango, nikakuta upo mmoja tu.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa bodi ya shule kuomba mlango wa pili. Alikuwa Mzee Otmari, mkulima wa kahawa, mrefu, mwenye sauti ya kuongoza sala kanisani bila kipaza sauti. Bila yeye shule ile isingekuwepo. Alipita nyumba kwa nyumba mpaka kila mzazi akatoa nguvu zake. Alinisikiliza, akacheka.

"Mwalimu, nyumba yangu ina mlango mmoja, na nimelea humo watoto wote."

"Nyumbani kwako hawachemshi tindikali, mzee."

"Nyumbani kwangu wanapika pombe," akasema, na wazee waliokuwa pale wakacheka mpaka wakapaliwa. Nilirudi bila mlango.

Siku hizo mambo yalikuwa yamefunguliwa. Zamani dawa za maabara zilikuja kwenye masanduku kutoka serikalini, zimechelewa lakini zina majina. Sasa zikawa zinaletwa na mfanyabiashara kutoka Songea, na huyo bwana alikuwa hodari wa kuuza, si wa kuandika. Alileta amonia kwenye chupa ya soda. Soda kabisa, ile ya machungwa, na rangi ya chupa yenyewe! Niliiweka mezani nikageuka kutafuta karatasi na gundi niibandike jina. Kabla sijageuka tena, mwalimu wa Jiografia alikuwa ameingia kuomba chaki, ana kiu, akafungua kizibo akavuta harufu kwanza kama muungwana. Namshukuru Mungu kwa uungwana wake, maana angekunywa. Alirudi nyuma akakalia sinki, machozi yanamtoka kama amefiwa, akawa anauliza, "Nani ameniua? Nani ameniua?" Tulicheka kwa muda mrefu, yeye pia. Mimi nilicheka mchana, na usiku sikulala. Toka siku hiyo chupa yoyote isiyo na jina niliihesabu kuwa ni sumu mpaka ithibitike vinginevyo, na chupa ya kinywaji sikuiruhusu kuvuka kizingiti, iwe tupu au imejaa.

Halafu kuna mitumba. Mbinga mwezi wa sita na wa saba kuna baridi ya kuuma masikio, na mitumba ilipoingia kila mtoto alipata sweta. Sweta za nailoni, mikono mirefu inayoning'inia, zimetengenezwa kwa ajili ya watu wakubwa wa nchi nyingine. Pamba ikishika moto inaungua. Nailoni ikishika moto inayeyuka na kukung'ang'ania ngozini. Basi mlangoni niligongomea misumari, na kila mtoto alitundika sweta yake kabla ya kuingia, akanung'unika, akatetemeka, akaingia. Nywele ndefu zifungwe. Ndala zibaki nje, mwenye viatu avae viatu, na asiye na viatu nilimpa kazi ya kukaa meza ya nyuma na kuandika, hakuna kushika. Waliniita Mama Vua.

Walinicheka pia kwa ndoo. Niliweka ndoo za maji mlangoni na ndoo ya mchanga kila pembe, na kila asubuhi kabla ya somo zilibadilishwa maji. Mtoto mmoja wa Lituhi aliniambia, "Madam, ziwa zima lile pale, bado unahifadhi ndoo?" Nikamwambia ziwa litakapoweza kupanda mlima litanikuta hapa.

Kuhusu tindikali na maji, sikuwafundisha kwa kitabu. Niliwauliza watoto wa ziwani: mama akikaanga usipa, mafuta yamechemka, ukadondoshea samaki mwenye maji, nini hutokea? Wote walijua. Mafuta huruka, na atakayekuwa karibu ataondoka na alama. Basi tindikali kali ni kama yale mafuta. Ukiitilia maji, itakurukia. Ndiyo maana tunaanza na maji, kisha tunaingiza tindikali kidogo kidogo, kwa kuiteremsha ukutani mwa chombo, huku unakoroga. Sikuwahi kumwona mtoto wa Nyasa akisahau hilo.

Lakini hatari niliyoiogopa kuliko zote haikuwa chupani, na sikuijua mpaka nilipoiona kwa macho. Ilikuwa shikamoo.

Msinielewe vibaya. Mimi ni mtu wa adabu, nimelelewa na bibi asiyekubali mtoto apite nyuma yake bila kuamkia. Lakini huku milimani adabu inakwenda na mwili. Mtoto wa kike akimwamkia mkubwa hupiga goti, au walau hupinda magoti yote mawili, macho chini. Na darasa likiingiliwa na mgeni husimama lote kwa pamoja, viti vinakwaruza sakafu, sauti moja: "Shikamooo!" Ni jambo zuri sana darasani. Sasa lifikirie ndani ya chumba chenye majiko ya mchina ya mafuta ya taa yanayowaka, taa za spiriti na mirija iliyochemka mikononi. Mara ya kwanza mkuu wa shule alipoingia katikati ya zoezi, darasa likasimama, taa ya spiriti ikaanguka, moto ukakimbia juu ya meza kama maji. Tuliuzima kwa kitambaa chenye maji na hakuna aliyeumia. Mkuu wa shule aliondoka akisifu nidhamu.

Kesho yake nilitoa amri: humu ndani hakuna kusimama na hakuna kuamkia, hata aje nani. Walimu walikubali, wengine kwa shingo upande. Watoto walikubali kwa furaha. Lakini amri yangu ilikuwa na tundu ambalo mimi, mgeni, sikulijua. Mwalimu unaweza kumkatalia shikamoo. Damu yako je?

Kresensia alikuwa kidato cha tatu, mjukuu wa Mzee Otmari, aliyelelewa na babu na bibi tangu yuko mchanga. Mtoto mkimya. Alikuwa na mikono ambayo mkufunzi wangu angeililia: akishika chombo, hakitikisiki. Nilimpa kuongoza meza yake, na alikuwa ameshaniambia siku moja tukiosha vyombo kwamba anataka kazi ya maabara ya hospitali, "ile ya kuangalia damu, madam." Nilimjibu ajitahidi. Moyoni nilikuwa nimeshaamua kwamba lazima aipate.

Siku ile tulikuwa na zoezi la kutambua chumvi. Kila meza ilikuwa na kichupa kimoja cha tindikali kali. Vizibo vya kioo vilikwisha vunjika, na bwana wa Songea aliniletea vya mpira, ambavyo tindikali hiyo inavila, kwa hiyo vichupa vilifunikwa kwa visahani vya kioo tu na kubebwa wima, kimoja kimoja, mbele ya macho yangu. Kresensia alikuja mezani kwangu akachukua cha kwao. Alikibeba kama nilivyowafundisha: mikono miwili, mbali na kifua, macho mbele, hakuna kuongea. Njia ilikuwa tupu. Nilimfuata kwa macho.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia mkuu wa shule na, nyuma yake, Mzee Otmari amevua kofia. Alikuja kuangalia viti vilivyotengenezwa na fundi.

Kresensia alikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Nilimwona anavyomwona babu yake. Magoti yakaanza kupinda yenyewe, kabla hata hajafikiri, kama yalivyopinda kila asubuhi ya maisha yake. Nilianza kumwita, nikachelewa. Kisahani kikateleza. Kichupa kikalala.

Na mnajua alifanya nini? Hakupiga kelele. Alimaliza salamu. "Shikamoo, babu." Na babu yake, ambaye alikuwa hajaona kitu, akaitika kwa furaha: "Marahaba, mjukuu wangu." Hayo yote wakati sketi yake ya bluu inageuka nyeusi pajani. Ndipo ikaja kelele, na ile kelele, wanangu, bado naisikia nikikaanga kitu jikoni mafuta yakilia.

Mikono yangu ilitulia. Sijui utulivu huo ulitoka wapi. Nilimmwagia ndoo ya kwanza nikiwa bado nakimbia. "Vua sketi!" Akaishika kiunoni kwa mikono yote miwili akamtazama babu yake. Vidole vyenyewe vilikuwa vinaungua na bado aliing'ang'ania sketi. Wavulana walikuwa wamesimama wanatazama.

"Wavulana, geukieni ukutani!"

"Usimvue mtoto mbele za watu!" Mzee Otmari alinguruma. "Leteni mafuta! Mpakeni mafuta!"

"Hakuna mafuta! Maji tu!"

"Mimi ni babu yake!"

"Toka nje!" nikamwambia. Mbele ya mkuu wa shule, nilimwambia mwenyekiti wa bodi, aliyechoma tofali za chumba kile, mtu ambaye hata padre alimwita baba: toka nje. Akatoka. Nadhani alitoka kwa mshangao, si kwa utii.

Nilikata sketi kwa mkasi. Wasichana wakamzunguka kwa migongo. Wavulana wa ziwani, wale walionicheka, walipanga mstari hadi bombani nyuma ya jiko la shule bila kuambiwa, wakawa wanapokezana ndoo huku nyuso zao wamezigeuzia ukutani. Niliendelea kummwagia. Alipoomba niache, nikammwagia. Alipotetemeka kwa baridi mpaka meno yakagongana, nikammwagia. Mtu akiungua kwa tindikali moyo wako utakuambia inatosha, mapema sana. Usiusikilize moyo. Mwagia, kisha mwagia tena, halafu ndipo umpeleke hospitali. Mwisho nilitoa kabatini kanga yangu, ile ambayo siku zote niliiweka humo na walimu wakinitania kwamba nangoja msiba, nikamfunga nayo.

Mtawa wa zahanati ya misheni alimwangalia muda mrefu, akaniambia paja lingeweza kwenda lote. Limebaki kovu la ukubwa wa kiganja, na jingine dogo kwenye kifundo cha mkono. Nilitoka nje nikaenda nyuma ya jiko la zahanati, nikalia mpaka wapishi wakaniletea kigoda.

Kikao cha bodi kiliitishwa wiki iliyofuata, ndani ya darasa, wazazi wamejaa. Kresensia alikuja na bibi yake akabaki nje kwenye baraza, mguu umefungwa. Nilimwona kupitia dirishani. Nilijua kikao kile ni cha kumwamulia yeye.

Mzee Otmari alisimama. Hakupaza sauti, na hilo lilinitisha zaidi. Alisema shule aliijenga ili watoto wapate elimu, si makovu. Alisema Kemia wasome wavulana, na watoto wa kike wahamishiwe masomo ya kuandika, akianza na mjukuu wake. Watu wakaitika kwa vichwa. Kisha akanigeukia.

"Na wewe, mama, umewafundisha watoto wetu wasiamkie wazee. Mjukuu wangu ameumia kwa sababu ana adabu. Sasa unataka tuiondoe adabu ili chupa ziwe salama? Huko kwenu pwani mnaishije?"

Nilisimama nimeshika ukingo wa dawati.

"Halafu," akaendelea, "ile kanga uliyomfunga. Nilisoma maneno yake. *Hasidi hana sababu.* Ulinilenga mimi?"

Wallahi, wanangu, kanga ile niliinunua Korogwe kwa sababu ya rangi. Nilijaribu kueleza kwamba kanga yoyote lazima iwe na maneno, kwamba sikuichagua siku ile, kwamba mtoto alikuwa hana nguo. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana nimemlenga. Mkuu wa shule alikuwa anakwangua kucha.

Hapo ndipo mlango ukasukumwa. Aliingia Bibi Gaudensia, mke wa Mzee Otmari, na ndoo ya togwa ya kunywa kikaoni kichwani, imejaa mpaka mdomoni, jani la mgomba juu yake. Njia kati ya madawati ilikuwa nyembamba. Ilimbidi apite mbele ya mume wake na mbele ya wazee wote wa mstari wa kwanza. Hakupinda goti. Hakuinamisha kichwa hata kidogo. Alisema tu kwa sauti ndogo, "Nimebeba, baba," akapita, shingo imenyooka. Wazee wakavuta miguu kumpisha. Akaenda hadi mbele, akatua ndoo, akapangusa mikono kwenye kitenge chake. Kisha akarudi, akapiga goti mbele ya mumewe na mbele ya wazee, akawaamkia mmoja mmoja. Nao wakaitika.

Hakuna aliyeona ajabu. Walikuwa wameliona jambo hilo tangu kuzaliwa. Ni mimi mgeni ndiye niliyeliona kwa mara ya kwanza, na nililiona huku nimefungua mdomo.

"Mzee," nikasema, "mama amekukosea adabu?"

"Nani?"

"Mama huyu. Amepita mbele yako bila kukuamkia."

Akanikunjia uso. "Alikuwa amebeba. Mwanamke mwenye ndoo kichwani apige goti ili amwage? Anasema amebeba, anapita, akishatua anaamkia. Ndivyo ilivyo."

"Na Kresensia alikuwa amebeba nini?"

Kule nje mtoto mchanga wa mtu alikuwa analia, na Bibi Gaudensia alikuwa bado amepiga goti mbele ya mzee wa mwisho, hajui limetokea nini. Mzee Otmari alimtazama mkewe, akaitazama ndoo, akatazama dirisha ambalo mjukuu wake alikuwa amekaa nyuma yake. Uso wake ulibadilika pole pole. Niliona kwamba alikuwa anakumbuka ile "marahaba" yake.

"Hakuna aliyemfundisha kusema amebeba," akasema.

"Hakuna, mzee. Hata mimi sikulijua neno hilo."

Alikaa. Akaweka mikono magotini. Ndipo akasema, akitazama sakafu, kwamba watoto wa kike wabaki, na mjukuu wake akipona arudi mezani kwake. Na kwamba mtoto yeyote atakayekuwa ameshika kitu ndani ya chumba kile, aingie mwenyekiti, aingie padre, aingie baba askofu, aseme "Nimebeba," na mkubwa asimame asubiri. Kisha akanitazama. "Na mlango wako wa pili nitautoboa mwenyewe. Ila kanga ile usiirudie." Watu wakacheka, nami nikacheka huku natokwa na machozi. Kanga nilimpa Kresensia.

Neno hilo likawa sheria ya maabara yetu kuliko amri zangu zote. Lilikuwa zuri kwa sababu halikuwa langu. Na lina faida nyingine ambayo sikuitarajia: mtoto akilisema, anajikumbusha mwenyewe kwamba ameshika kitu. Wengi wanaoumia maabara wamesahau walichoshika. Hata sasa, mkiwa na simu zenu mfukoni zinazolia, anayekuita asubiri. Sema umebeba, tua, kisha itika.

Halikukosa vituko. Alikuja mama mkaguzi wa shule, mpya, mkali. Akaingia maabara katikati ya zoezi. Msichana wa kidato cha pili alikuwa anapita na bika ya maji ya moto, akasimama wima, akasema kwa sauti safi: "Nimebeba, mama!"

Mama mkaguzi alishika kifua. Siku hizo msichana akipata mimba ilikuwa ndiyo mwisho wa shule, na hapa alikuwa amesimama mmoja anajitangaza. "Umebeba?" akauliza. "Tangu lini?"

"Sasa hivi, mama."

Mkuu wa shule alitaka kuzama ardhini. Mvulana wa meza ya nyuma alicheka mpaka nikamtoa nje yeye na mrija wake. Tulimweleza mama mkaguzi, akaelewa, akacheka kwa kuchelewa, lakini nilimwona akimwangalia yule msichana tumboni kwa muda kabla hajaondoka.

Nilistaafu nikabaki huku huku. Magoti yangu yanapenda baridi kuliko joto la kwetu, au mimi ndiye niliyezoea. Mzee Otmari alikwisha tangulia, na mlango alioutoboa upo, umekaa upande kidogo kwa sababu alikataa kutumia timazi. Kresensia alimaliza, akaenda mbali kusoma, barua zikaja, kisha zikakoma kama barua zinavyokoma. Hofu yangu ilibaki. Nilijiuliza mara nyingi kama yupo salama huko aliko, na kama mikono ile bado imetulia.

Mwaka huu niliambiwa nikapime damu. Nikakaa kwenye benchi la hospitali pamoja na wagonjwa wengine, mbele ya kidirisha cha maabara, na woga wangu wa kawaida, maana hata maabara ya wengine naiogopa. Kulikuwa na mzee mmoja amechoka kusubiri. Alisimama akagonga kioo. Ndani alikuwepo mwanamke wa makamo, ametupa mgongo, trei ya vichupa vya damu mikononi. Hakugeuka. Alisema kwa sauti ndogo, isiyo na haraka:

"Nimebeba, baba."

Na yule mzee, mtu wa hapa hapa milimani, akarudi akakaa, hakukasirika.

Nikaamka kutoka kwenye benchi. Nilimwangalia anavyoitua trei, chupa hazikulia hata moja. Akavua glavu, akanawa. Alipogeuka akaniona kupitia kioo, akaweka mkono mdomoni, na kwenye kifundo cha mkono huo lilikuwepo kovu dogo. Alitoka kwa mlango wa pembeni akaja hadi mbele yangu, na katikati ya wagonjwa wote, akiwa na koti lake jeupe, akapiga goti.

"Shikamoo, mwalimu."

Sikumwitikia mara moja. Kwanza niliiangalia mikono yake. Ilikuwa mitupu. Ndipo nikasema, "Marahaba, mwanangu."